Amua gari ni la kazi gani kabla ya kuifungua injini

Ndugu msomaji, iwapo uliwahi kusimama kando ya barabara wakati wa mashindano ya Safari Classic, bila shaka unaijua sauti ya Porsche 911 ya zamani. Utaisikia kabla hujaliona gari lenyewe. Ni mlio mkavu wa kukwaruza, na nyuma yake huvuma feni. Feni hiyo ina kazi kubwa, kwani injini hii haina radieta wala haijui maji.

Injini zinazopozwa kwa hewa si wageni humu nchini. Volkswagen, ile ya mgongo wa mviringo, ilishinda Safari mwaka wa 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad. Mwaka wa 1978 Vic Preston Junior alimaliza wa pili kwa Porsche 911, na mwaka wa 2011 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda Safari Classic kwa gari la aina hiyo hiyo.

Juma hili tuzungumzie swali ambalo humkosesha usingizi mwenye gari kama hilo: injini ikichoka, ijengwe upya kwa njia gani? Hata kama gari lenu nyumbani ni Toyota ya kawaida, au mnapanda matatu, usifunue ukurasa. Kanuni zenyewe zitakufaa siku utakapompelekea fundi injini yoyote ile.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya spea. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni: gari hili ni la kazi gani? La pili ni: katika yote tunayotaka kulifanyia, ni lipi ambalo haliwezi kurudishwa nyuma?

Kwanza tujue tunachokifungua. Porsche 911 ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1963, na injini za kupozwa kwa hewa ziliendelea kufungwa katika magari hayo hadi mwaka wa 1998. Injini ina silinda sita, tatu zimelala upande huu na tatu upande ule. Feni husukuma upepo juu ya mapezi ya silinda, na oili, ambayo hukaa katika tangi lake kando na injini, hubeba sehemu kubwa ya joto. Ndiyo maana mafundi wa magari haya huichunga oili kama wenzao wanavyochunga maji.

Tuchukue mfano wa injini ya lita 2.7 ya magari ya kati ya mwaka wa 1974 na 1977. Kasha lake, yaani lile ganda linaloshika krenkishafti, liliundwa kwa magnesiamu ili lipunguze uzito. Silinda na hedi zake hushikiliwa kwenye kasha hilo na bolti ndefu 24, nne kwa kila silinda. Magnesiamu ni nyepesi, lakini haistahimili kama aluminiamu. Injini ikipata joto kali mara kwa mara, zile nyuzi ambamo bolti hujikazia hukatika na bolti ikachomoka. Hapo hedi hulegea na gesi ya moto ikaanza kuvuja.

Je, imekufa kweli?

Kabla ya kuchagua njia, hakikisha kwamba injini inahitaji kufunguliwa. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi asubuhi si hukumu ya kifo. Kwa kuwa silinda zimelala, oili kidogo hupenya ndani gari likiwa limesimama, kisha huungua injini ikiwashwa. Moshi usiokoma barabarani ndio wa kutiliwa shaka.

Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kisha aingize hewa katika kila moja na apime ni kiasi gani kinachovuja, na kupitia wapi. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haifungi vizuri. Ikisikika kwenye mdomo wa kutilia oili, huenda ringi za pistoni zimechoka. Vipimo hivi vinahitaji kutoa plagi tu, na vinaweza kukuokolea pesa nyingi.

Njia tatu

Ikithibitika kwamba injini imechoka, mbele yako kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuirudisha vile ilivyotoka kiwandani, bila kuongeza wala kupunguza. Njia hii inalifaa gari ambalo bado lina injini yake ya asili, yaani nambari ya injini inalingana na kumbukumbu za kiwanda. Wanunuzi wa magari ya kale huanza kwa kuzikagua nambari hizo, na gari lenye injini yake halisi huthaminiwa zaidi. Kasoro ya njia hii ni kwamba unarudisha pia udhaifu wote wa kiwandani.

Ya pili ni kuimarisha palipo na udhaifu huku sura ikibaki ile ile. Kila tundu la bolti hutiwa bushi ya chuma yenye nyuzi imara, na bolti zilizochoka hubadilishwa. Vikaza vya minyororo ya kemshafti hubadilishwa pia na kuwekwa vile vinavyosukumwa na oili ya injini, ambavyo Porsche ilianza kufunga mwaka wa 1984. Usikidharau kifaa hiki kidogo, kwani kikaza kikifa mnyororo unaweza kuruka, vali zikagongana na pistoni, na injini yote ikawa vyuma vikuukuu. Hatimaye mwenye gari anaweza kuongeza kipoza oili upande wa mbele ili kupunguza joto.

Ya tatu ni kuongeza nguvu. Hapa wanafunzi wachukue kalamu. Injini ya 911 iliyoitwa ya lita 2.4 ina silinda zenye upana wa milimita 84, na pistoni husafiri milimita 70.4. Gawanya upana kwa mbili, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha kwa pai, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa silinda sita. Utapata takriban sentimita za ujazo 2,341. Sasa panua silinda hadi milimita 90 bila kugusa krenkishafti. Utapata 2,687, yaani lita 2.7. Porsche wenyewe walifanya hivyo walipotoa Carrera RS mwaka wa 1972.

Katika karatasi ni jambo la kupendeza. Lakini ili silinda hizo pana ziingie katika kasha la 2.4, lazima matundu ya kasha yachongwe. Chuma kilichochongwa hakirudi. Isitoshe, nguvu zaidi huleta joto zaidi, na joto ndilo adui wa magnesiamu.

Anayetaka nguvu bila kuligusa kasha la asili ana ujanja mwingine. Hutafuta injini ya lita 3.0 ya 911 SC, zilizotengenezwa kati ya mwaka wa 1978 na 1983, ambayo kasha lake ni la aluminiamu. Hiyo huifunga garini, na ile ya asili akaihifadhi. Siku akibadili nia, kila kitu hurudi mahali pake.

Likiwa ni urithi

Tuseme gari ni la marehemu baba. Kifungua mimba anataka libaki kama alivyoliacha mzee. Wa pili anataka kasi. Kitinda mimba anataka liuzwe pesa zigawanywe. Kila mmoja ana haki ya kusema, na baba hayupo wa kuulizwa.

Mimi ningewashauri wachukue njia ya pili, na kila kilichotolewa kwenye injini kihifadhiwe katika sanduku na kuandikwa jina. Anayetaka kumbukumbu atakuwa na gari lililo na injini ya mzee. Anayetaka kuliendesha ataliendesha hadi Naivasha na kurudi bila wasiwasi. Wakikubaliana kuliuza, thamani yake haitakuwa imepotea. Kasi inaweza kungoja. Nambari iliyogongwa kwenye kasha lile ni moja tu duniani, na atakayelichonga vibaya hana duka la kwenda kuomba jingine lenye nambari hiyo.

Wapo watakaosema, 'Tufungue juu tu, ringi na vali, chini tusiguse.' Kwa injini ya SC, ambayo sehemu ya chini hudumu sana, ushauri huo unaweza kufaa. Kwa 2.7 ambayo bolti zimeanza kuchomoka, ni kujidanganya. Ili matundu yale yarekebishwe ipasavyo, sharti kasha litenganishwe vipande viwili na lipelekwe kwa mchonga vyuma mwenye mashine za kulipima na kulinyoosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pesa zikipungua katikati ya kazi, simamisha kazi. Ni afadhali injini ilale katika masanduku, vyuma vimepakwa oili visiliwe na kutu, kuliko kufungwa ikiwa na beringi kuukuu kwa sababu mwezi umekwisha.

Fundi naye akupe hesabu kwa maandishi. Kila pistoni, silinda na shingo ya krenkishafti ipimwe kwa maikromita, tarakimu ziandikwe na zilinganishwe na kitabu cha kiwanda. Mwombe apige picha kila hatua. Fundi anayekwambia anaona kwa macho kwamba krenki ni nzima, mshukuru kwa heshima na uende kwa mwingine. Tofauti kati ya beringi nzima na beringi iliyokufa ni sehemu ndogo ya milimita, na hakuna jicho la kuiona.

Siku ya kuiwasha, plagi zitolewe kwanza na injini izungushwe kwa stata hadi kipimo kionyeshe kwamba oili imepanda. Baada ya safari chache za kwanza, oili hiyo imwagwe, kwani hubeba unga wa vyuma vipya vinavyozoeana. Vali nazo zipimwe tena na kurekebishwa.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujashika spana, keti na jamaa zako mezani mwandike mambo mawili katika karatasi: gari litafanya kazi gani, na ni chuma gani hakitaguswa. Karatasi hiyo mpeleke nayo fundi. Bei ya spea itafuata.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.