Ngazi ya Wageni

Bibi yangu hushuka ngazi za nyumba ya mjomba kwa kukaa. Anaketi kwenye kidato cha juu, anateremka kimoja kimoja kama mtoto, kanga ameifumbata magotini, na akisikia hodi hujitahidi kusimama asije akaonekana. Chumba alichopewa na mwanawe kiko ghorofani. Ngazi inayofika huko imepinda, marumaru yake inang'aa, na kila mgeni huipiga picha.

Nasoma shahada ya uzamili ya usanifu majengo, kwa hiyo ndugu hunigeukia niisifu. Siisifu. Na si kwamba nazichukia ngazi za kupinda, nazipenda. Kule Greenwich, London, ndani ya Queen's House, ipo moja iliyokamilika mwaka 1635, ya kwanza Uingereza kupanda kwa mzunguko bila nguzo katikati. Kila kidato kimechomekwa ukutani na kuegemea kilicho chini yake. Uzuri wake unatokana na kazi ya kila jiwe.

Yetu je? Tupige hesabu. Katika karne ya 17, Mfaransa François Blondel aliweka kanuni ambayo bado tunaitumia: chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza kina cha pa kukanyaga, jumla iwe sawa na hatua ya mtu, ambayo leo wengi huihesabu kuwa kama sentimita 63. Kimo 17, pa kukanyaga 29: mguu unaridhika. Lakini ngazi ikipinda, kidato huwa kama kipande cha keki. Katikati kikiwa na 29, upande wa ndani kinaweza kubaki na 15 na upande wa nje kufika 43. Kanuni inatimia kwenye mstari mmoja tu.

Sasa tazama reli iko wapi. Kwa mjomba, kama katika nyumba nyingi nilizopanda, iko upande wa ndani tu, kwa sababu ndiko inakoonekana kutoka sebuleni. Upande wa ukutani, penye nafasi ya kukanyaga, hakuna pa kushika. Bibi anatakiwa achague: ashike reli akanyage ncha, au akanyage vizuri bila kushika kitu. Amechagua kukaa.

Najua nitakavyojibiwa: mjomba ametoka jasho, ana haki ya nyumba nzuri. Anayo. Wala simlaumu fundi. Alikunja plaiwudi na kusuka nondo kwa kufuata picha aliyoonyeshwa kwenye simu. Lawama ni yetu sisi wachoraji, tunaouita mpindo maridadi kabla hatujaupanda tukiwa na magoti ya miaka themanini. Umaridadi wa ngazi haupimwi na aliyeketi kwenye kochi. Unapimwa na anayeshuka alfajiri, taa imezimika.

Kwa hiyo nadai kitu kidogo: ngazi yoyote ya kupinda tunayoichora iwe na reli ya pili, ukutani, na marumaru isiyoteleza. Tukishindwa hilo, tuchore ngazi iliyonyooka tunyamaze.

Likizo iliyopita nilimwambia mjomba. Akasema reli ya pili itaharibu mwonekano. Bibi alikuwa katikati ya ngazi, amekaa, anatusikiliza.