Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya mawingu je?

Mwanzoni mwa Mei 2024, kituo cha hali ya hewa cha Kilwa kilipima zaidi ya milimita 200 za mvua ndani ya saa 24. Wastani wa kituo hicho kwa Mei nzima haufiki milimita 100. Mvua ya miezi miwili ilimwagika kwa siku moja. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini maji hayakungoja upepo. Barabara kuu ya kwenda kusini ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama njiani.

Utabiri haukukosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza hatari mapema, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na wavuvi wakaambiwa wasiingie baharini. Kilichoshindwa ni nchi kavu, si anga. Ndipo ilipozaliwa hoja inayosikika hadi leo: wataalamu wa anga wameshafanya lao, sasa fedha ziende kwenye madaraja. Habari za ozoni na vumbi laini la angani tuwaachie matajiri.

Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Aliyelala ndani ya basi akisubiri maji yapungue hakuhitaji kuelezwa kemia ya hewa. Utabiri hauvushi basi. Na katika nchi ambayo zahanati, maji na barabara vyote vinagombea mfuko mmoja, ni haki kumuuliza mtafiti wa anga: utafiti wako unamfaa nani?

Jibu langu ni kwamba unamfaa mjenzi wa daraja kabla ya mtu mwingine yeyote. Daraja halichorwi kwa kukisia. Mhandisi huanza na tarakimu: mvua kubwa ya siku moja inayoweza kuja mara moja katika miaka 50 au 100. Tarakimu hiyo hutoka kwenye kumbukumbu za mvua zilizopita. Akipewa ndogo, kalavati litakuwa jembamba, na maji yatatafuta njia yao juu ya lami.

Hapo ndipo pwani ya Lindi ina tatizo lake. Kilwa ipo karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, Lindi digrii 10. Kadiri unavyoikaribia ikweta, mzunguko wa dunia hupoteza nguvu ya kuupinda upepo mpaka uzunguke kama pia. Madagascar nayo hukinga sehemu ya vimbunga vinavyotoka mashariki. Kwa hiyo kumbukumbu zetu ni chache mno: kimbunga kilichoikumba Unguja Aprili 1872 na kuangusha mikarafuu, kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952, kisha Hidaya. Kabla ya Hidaya kulikuwa na kimbunga Kenneth cha 2019, kilichowafanya watu wa Mtwara wahame makazi kabla hakijatua kaskazini mwa Msumbiji. Kwa matukio ya kuhesabika kwa vidole, huwezi kukokotoa mvua ya miaka mia. Na uchache huo ndio hutulaza usingizi: kisichokuja mara kwa mara hudhaniwa hakiji.

Kumbukumbu zikikosekana, inabaki kuielewa mashine yenyewe inayotengeneza mvua. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwanasayansi wa anga anaongeza swali: na dalili ya mawingu ni nini? Tone la wingu haliumbiki bila mbegu. Mvuke huhitaji chembe ya kujishikiza, iwe chumvi ya bahari, masizi, vumbi au moshi. Chembe hizo ndizo wataalamu wanaziita erosoli. Zikiwa nyingi mno, maji yaleyale hugawanywa katika matone madogo mengi, na wingu linaweza kuchelewa kunyesha. Tena huzuia sehemu ya mwanga wa jua usifike baharini, na joto la bahari ndilo chakula cha kimbunga.

Chembe hizo zinatujia kwa njia tunayoifahamu kuliko mtu yeyote. Kaskazi iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, ikamfikisha Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331, bado inavuma kila Desemba hadi Machi. Shehena yake ndiyo imebadilika. Mwaka 1999, watafiti wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen walirusha ndege za utafiti kutoka Maldivi, wakakuta utando wa ukungu wa kahawia uliotoka Asia Kusini umetanda juu ya sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Crutzen ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi yao juu ya ozoni. Kwake ozoni, moshi na mvua vilikuwa kitabu kimoja: moshi wa moto wa msituni na wa magari, ukipigwa na jua, huzaa ozoni karibu na ardhi, nayo hukera mapafu na kudhoofisha mazao, tofauti na ile ya juu inayotukinga.

Hesabu ya chembe hizi bado haijatulia hata kwa wakubwa. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, ambalo mmoja wa makamu wenyeviti wake tangu 2023 ni Mtanzania, Dkt. Ladislaus Chang'a, lilikadiria kwamba vichochezi vingine vya kibinadamu mbali na gesijoto, hasa erosoli, vimeipoza dunia kwa kati ya digrii 0.0 na 0.8. Pengo hilo ni kubwa. Na kivuli cha chembe hizo, ambazo moshi wa salfa nao huzizaa, kinapungua: tangu 2020 meli zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, badala ya 3.5. Hewa safi ni heri kwa mapafu, ila pazia likiondoka, joto lililofichwa hujitokeza. Daraja linalojengwa leo litaishi chini ya anga hiyo.

Nani anapima hewa hiyo kwetu? Nairobi wamekuwa wakirusha maputo ya kupima ozoni tangu miaka ya 1990. Ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini hewa ya mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari haiwezi kusimama badala ya hewa ya chumvi ya Kilwa Masoko. Rada ya Mtwara nayo huona matone ya mvua, haioni chembe zilizoyazaa.

Sidai taasisi kubwa yenye jengo la vioo. Vifaa vya kupima ukungu kwa kulitazama jua, vipima mvua vya kutosha kando ya mito ya Kilwa, na vijana wa kuvitunza, vingetosha kuanzia. Lakini sharti liwepo: takwimu zisiishie kwenye majarida ya wasomi. Zifike kwenye meza ya wahandisi wa barabara.

Kwa hiyo daraja jipya litakapozinduliwa kusini, baada ya utepe kukatwa, mwananchi mmoja anyooshe mkono aulize: mvua mliyoihesabu hapa ni ya miaka ipi?