Simwabudu Mungu wa Katikati

Jumamosi iliyopita niligombana na mungu ambaye hayuko. Mashahidi wapo watatu, pamoja na jamaa anayetusimulia mchezo. Tulikuwa kwa chumba kimoja Roysambu, sufuria ya chai sakafuni, dadu mezani, stima imerudi tu. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, na mimi ndiye nilisema mhusika wangu amevua joho na hamtumikii tena mungu wake.

Wacha nieleze kwa wasiojua. Mchezo huu ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wahusika, na dadu zinaamua kama upanga wako umepata shingo ama umepata hewa. Tangu mwanzo, mhusika lazima awe na msimamo: sheria, vurugu, au katikati. Baadaye wema na uovu viliongezwa, lakini katikati haikutoka. Na huko katikati ndiko anakokaa mungu ninayemzungumzia.

Kwa ulimwengu wa Dragonlance, ambao riwaya yake ya kwanza, ya Margaret Weis na Tracy Hickman, ilitoka 1984, anaitwa Gilean. Huko kuna miungu 21: saba wa wema, saba wa uovu, saba wa katikati. Gilean ndiye mkubwa wa hao wa katikati, mwenye kitabu cha maarifa yote. Anacholinda ni mizani, yaani upande wowote usishinde kabisa.

Ukiangalia wafuasi wa hao saba, ni rahisi kuwapenda. Reorx ana wahunzi. Shinare ana wafanyabiashara. Chislev ana walinzi wa misitu na wanyama. Lunitari ni mwezi mwekundu, na wachawi wa majoho mekundu ni wake. Gilean mwenyewe ana wasomi na waandishi. Mezani kwetu tulikuwa mhunzi, mfanyabiashara, mlinzi wa msitu na mimi mchawi (mama asijue). Ni kama matatu ya Thika Road saa kumi na mbili jioni: kila aina ya mtu yumo, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Mtu kama mimi, niliyeacha chuo mwaka wa tatu na ninayeishi kwa kuandika vipande vya kulipwa mwisho wa mwezi mwingine, mungu asiyeniuliza cheti ni habari njema.

Shida haiko kwa wafuasi. Shida ni anachowaambia wafanye.

Kitabu cha wachezaji cha toleo la pili, la 1989, kinatoa mfano wa mtu wa katikati kamili. Mlinzi wa msitu anaweza kuwasaidia wenyeji kuwapiga watu-fisi waovu. Lakini watu-fisi wakikaribia kumalizwa, anaweza kujitoa, au hata kuhamia upande wao. Soma tena polepole. Hajahamia kwa sababu wenyeji wamegeuka wauaji. Amehamia kwa sababu wanashinda.

Ndiyo hiyo ilitupata Jumamosi. Tulikuwa tumewafukuza watu-fisi kutoka kwa bonde walilokuwa wakichoma kila msimu wa mavuno. Wanakijiji wamerudi, wamefungua ghala. Kisha msimulizi akatuambia mungu ametuma ndoto: bonde limeelemea upande mmoja, turudishe njia ya milimani wazi. Mlinzi wa msitu akasema sawa. Mfanyabiashara akasema sawa, bora alipwe. Mimi nikauliza swali moja: na wenye ghala je? Nikajibiwa, "Buda, ni mizani."

Kila anayetetea mizani hiyo hukimbilia hadithi ya Istar, kwa hivyo twende huko. Istar ulikuwa mji uliotawaliwa na Kuhani Mfalme, aliyetaka kufuta uovu wote duniani. Akazidisha, na miungu wakaurushia mji mlima wa moto. Mji ukazama, bahari ikawa nyekundu, njaa na magonjwa vikafuata. Funzo tunalopewa ni kwamba wema ukizidi unageuka balaa, kwa hivyo lazima uovu uwepo kidogo wa kuupunguza.

Uongo. Hebu tazama Istar ulifanya nini. Uliwinda jamii nzima kwa sababu ya walivyozaliwa. Uliweka watumwa. Makuhani wake walisoma mawazo ya raia na kuwaadhibu kwa yale ambayo hawajatenda. Nionyeshe hapo wema uliozidi. Wema ulikuwa umeisha kitambo, limebaki jina lake kwenye kanzu nyeupe. Ugonjwa wa Istar ulikuwa dhuluma, na dhuluma haitibiwi kwa kuongezewa uovu wa upande wa pili. Na ule mlima haukumwangukia Kuhani Mfalme peke yake. Ulimwangukia mtumwa pia, na mtoto wa mtumwa.

Mtaniambia ni hadithi tu, tulia. Siwezi kutulia, kwa sababu huyu mungu nimeshakutana naye ofisini.

Mwaka wangu wa tatu chuoni, karo ya muhula ilipotea kwa mfumo wao. Shilingi 28,000, pesa ambazo mama alikopa kwa chama. Nilikuwa na risiti ya benki, ina muhuri, ina tarehe. Rekodi yao ilisema sijalipa, nikafungiwa mitihani. Nikaenda mbele ya kamati. Walikuwa watu wapole sana, nakubali. Mwenyekiti akasema, "Kijana, hapa makosa yako pande zote mbili. Wewe ungefuatilia mapema, sisi tungeangalia vizuri. Tukutane katikati. Lipa nusu."

Lipa nusu ya pesa ambazo nimelipa zote. Wenzake wakatikisa vichwa, wakaona busara imepita. Mimi nikatoka na risiti yangu, na sikurudi.

Sauti hiyo mnaijua. Juni 2024, wakati vijana walikuwa wanapigwa risasi mitaani, kuna watu wazima waliotuhimiza kwa upole kwamba pande zote zitulie. Upande mmoja ulikuwa na bunduki. Mwingine ulikuwa na bendera na simu. Ukiwaambia wote wawili watulie kwa sauti moja, tayari umeshachagua.

Hata neno lenyewe tumeliharibu. Nenda bucha yoyote uombe kilo moja. Muuzaji akiweka robo tatu, mizani haisemi tukutane katikati. Inasema nyama haijafika, aongeze. Kazi ya mizani ni kuonyesha uzito ulivyo, na mkono unaoilazimisha ilingane ni mkono wa mwizi. Wamisri wa kale walijua hili. Walikuwa na Maat, mungu wa ukweli na mpangilio, na moyo wa marehemu ulipimwa dhidi ya unyoya wake. Moyo mzito wa dhambi uliliwa. Hakuna aliyetafuta moyo wenye nusu wema na nusu ubaya ili mambo yawe sawa.

Mlinzi wa msitu wetu alinijibu vizuri, na sitamficha. Alisema simba wakiisha, swala watamaliza nyasi, kisha wafe njaa. Kweli kabisa. Na mhunzi anayekata miti anahitaji mtu wa kumkumbusha kupanda. Hiyo ndiyo mizani ninayoiheshimu, ya watu tofauti wanaohitajiana. Lakini simba hamfanyii swala dhuluma, ana njaa. Mwenye ghala na anayelichoma si aina mbili za mnyama kwenye pori moja. Tofauti siyo uovu, na anayetuchanganyia hayo mawili anatumia uzuri wa ile matatu yetu kutuuzia moto.

Akasema pia kwamba bila uovu hakuna uhuru wa kuchagua. Sawa. Muulize mtoto wa Istar alichagua nini.

Tuliachana saa tatu usiku, nauli ikiwa imepanda. Mhunzi alinisindikiza hadi steji na kuniambia nimeharibu mchezo. Halafu akauliza kama njia ya milimani inaweza kuzibwa na watu wawili. Nikamwambia tutajaribu.

Kwa hivyo ukija kwangu na maneno ya kukutana katikati, sitakataa papo hapo. Nitakuuliza kwanza umeanzia wapi, na mimi unanitoa wapi. Na risiti nitakuwa nayo mkononi.