Bima ya Gari: Rahisi Inapogeuka Ghali

Barua nyingi zinazonifikia huuliza juu ya homa za watoto, shinikizo la damu na unyonyeshaji. Safari hii dada mmoja ameuliza jambo la namna nyingine. Anaeleza kuwa yeye na mumewe wamejaliwa kununua gari dogo lililotumika, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Sasa bima ya mwaka wa kwanza inakwisha. Mumewe anasema walipe bima ndogo tu. Karani wa kampuni anawashauri wachukue bima kubwa. Jirani naye anasema kuna kijana anayeuza stika kwa nusu bei. Dada anamalizia hivi: “Mama nesi, wewe una gari. Ipi iliyo nafuu?”

Swali hili si la wodini, lakini nitalijibu, kwa sababu liliwahi kuninyima usingizi.

Mwaka 2012 kikundi chetu cha wanawake kanisani, hapa Morogoro, kilikuwa na gari aina ya Noah. Tulilinunua kwa michango na kwa faida ya kuuza maandazi na vitenge. Lilitupeleka vijijini kutazama wagonjwa, na palipotokea msiba lilibeba masufuria. Mimi nilikuwa mweka hazina. Bima ilipokwisha nikatafuta pa kuokoa fedha, nikampata kijana mwenye meza kando ya barabara. Alituuzia stika kwa bei pungufu kabisa kuliko ya ofisini. Ilikuwa na mhuri, namba ya gari letu na tarehe. Nilipoeleza katika kikao kiasi nilichookoa, wenzangu walinipigia makofi.

Miezi minne baadaye, jioni ya mvua, nilikuwa zamu. Aliletwa kijana wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja. Nilipokuwa nikimwandalia sindano ya maumivu nilimuuliza amegongwa na gari gani. Akasema ni Noah nyeupe, ina maandishi ya akina mama wa kanisa ubavuni.

Kesho yake nilikwenda na ile stika katika ofisi ya kampuni iliyoandikwa juu yake. Karani aliangalia vitabu vyake mara mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba hawana mkataba wenye namba ile. Stika ilikuwa bandia. Yule kijana mwenye meza hakuonekana tena.

Kijana wa bodaboda alilala wodini kwetu majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na chakula chao chote kilitoka kwenye ile pikipiki. Kikundi kilikaa, kikakubaliana bila ubishi kuwa deni ni letu. Tuliuza Noah. Fedha zilikwenda kwenye matibabu, pikipiki na matunzo ya familia yake mpaka aliporudi kazini. Wenzangu hawakunilaumu hata mmoja. Ingekuwa afadhali wangenilaumu.

Tangu hapo nimejifunza neno moja ambalo ndilo jibu langu kwa dada huyu: bima iliyo nafuu ni ile itakayolipa siku ya ajali. Tuanze na kujua inalipa nini, ndipo tuzungumze bei.

BIMA NDOGO NA BIMA KUBWA

Mama zetu hawakuwa na taabu ya kuchagua kampuni. Tangu mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika biashara hii, mpaka sheria ya bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na zote ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Lakini majina ya bima za magari ni yale yale.

Bima ndogo ni ile ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali yake. Bima hii humfidia huyo wa tatu. Gari lako likibonyea, likiungua au likiibwa, halilipiwi hata senti moja. Sheria ya nchi yetu hairuhusu gari kuwa barabarani bila angalau bima hii.

Ya katikati humlipa mtu wa tatu, na kwa gari lako hulipa moto na wizi tu. Ukiteleza ukaingia mtaroni, matengenezo ni yako. Watu wengi hawaijui kwa sababu hawaiulizi.

Bima kubwa hulipa hayo yote pamoja na uharibifu wa gari lako mwenyewe katika ajali, hata kama kosa ni lako.

Katika miaka ya karibuni bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 18. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 12,000,000 na kampuni imekutajia asilimia 3.5. Hiyo ni 420,000. Ongeza VAT 75,600, jumla ni 495,600. Ukitajiwa bei, uliza daima kama VAT imo ndani. Wengi huona wamepata punguzo, kumbe kodi haijatajwa.

MAHALI UNAPOWEZA KUPUNGUZA

Sasa tuje kwenye kubana matumizi. Yapo mambo unayoweza kufanya kwa haki kabisa.

La kwanza, ulizia sehemu tatu au zaidi, na uanze mwezi mmoja kabla ya bima kwisha. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni, na benki nyingi nazo siku hizi ni mawakala. Dalali wa bima yeye humwakilisha mteja na huweza kukutafutia bei kwa kampuni mbalimbali. Hakikisha unalinganisha vitu vinavyofanana: thamani ile ile ya gari, na masharti yale yale.

La pili, uliza juu ya ekses. Hiki ni kiasi unachobeba mwenyewe katika kila ajali kabla kampuni haijaanza kulipa. Ukikubali kubeba kikubwa zaidi, ada inaweza kupungua. Lakini usikubali kiasi ambacho hunacho. Kama huwezi kukitoa leo jioni, ni kikubwa mno kwako.

La tatu, dai punguzo la kutodai. Aliyemaliza mwaka bila kudai fidia anaweza kupunguziwa ada mwaka unaofuata. Ukihamia kampuni nyingine, omba barua ya kuthibitisha kuwa hukudai. Kwa sababu hiyo, kwa mkwaruzo mdogo fanya hesabu kwanza: huenda kuulipia mwenyewe kukawa nafuu kuliko kupoteza punguzo.

La nne, taja thamani ya kweli ya sasa. Gari hushuka bei kila mwaka, lakini wengine huendelea kulipia thamani ya siku walipolinunua. Likipotea, kampuni kwa kawaida huangalia bei yake sokoni wakati huo, si ile uliyoizoea kwenye karatasi.

La tano, kama gari limezeeka na mnaweza kununua jingine kama hilo bila kuuza shamba, bima ndogo yaweza kuwatosha. Fedha mnayookoa iwekeni akiba, isiliwe.

MAHALI USIPUNGUZE KAMWE

Usipunguze thamani ili ada ipungue. Mikataba mingi ina sharti la uwiano. Gari la 12,000,000 ukilikatia bima ya 8,000,000, umelilipia theluthi mbili tu. Likipata uharibifu wa 3,000,000, kampuni inaweza kukulipa theluthi mbili, yaani 2,000,000, tena kabla ya kuondoa ekses.

Usifiche matumizi ya gari. Muuguzi mwenzangu alikata bima ya gari binafsi, na mumewe akawa analitumia jioni kubeba abiria wa kulipa. Lilipogongwa likiwa na abiria, madai yao yalikataliwa. Gari la biashara lina bima yake, na bei yake ni ya juu kwa sababu liko barabarani kutwa. Kadhalika usifiche kwamba kijana wenu aliyepata leseni juzi naye huendesha. Karatasi ya maombi ya bima ni kama maelezo unayompa daktari: ukificha ugonjwa, dawa haitakufaa.

Usinunue stika bila kuihakiki. TIRA huweka kiwango cha chini cha ada, kwa hiyo bei ya nusu ni dalili ya hatari, kama homa. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na kila mtu aweza kuhakiki kwa simu yenye intaneti, katika mfumo wa TIRA, kwa kuingiza namba ya gari. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekuuzia. Angalia jina la kampuni, aina ya bima, na tarehe za kuanza na kwisha. Kama hujui kutumia mfumo huo, muombe mwanao. Mimi nilifundishwa na binti yangu kwa dakika tano, nikakumbuka ile Noah.

Mwisho, soma mkataba wenyewe, si stika peke yake. Tafuta ukurasa unaoeleza yasiyolipwa. Mara nyingi utakuta dereva asiye na leseni, dereva mlevi, na gari lililozidisha mizigo au abiria. Uliza pia: abiria wangu wanalindwa? Kioo cha mbele kikivunjika? Mafuriko? Ukivuka mpaka kwenda Kenya au Zambia uliza habari za Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima ya nyumbani haikutoshi huko.

SIKU YA AJALI

Kama nesi nasema kwanza: okoa watu. Usimvute majeruhi ovyo kama hakuna moto wala hatari nyingine. Zuia damu kwa kukandamiza kidonda na kitambaa safi, kisha ita msaada. Majeruhi anahitaji fomu ya polisi ya PF3, ambayo daktari huijaza. Itunzeni nakala yake pamoja na stakabadhi zote za matibabu, kwa kuwa ndizo ushahidi wa madai.

Toeni taarifa polisi. Piga picha magari na barabara kabla hayajaondolewa, kama ni salama. Andika namba za magari na majina ya walioona. Arifu kampuni yako mapema iwezekanavyo, na usianze matengenezo kabla mkaguzi wao hajaliona gari. Usiandike barua ya kukubali kosa wala kuahidi kulipa kabla ya kuzungumza nao.

Na kama wewe au mwanao ndiye aliyegongwa, jueni kuwa bima ya aliyewagonga ni kwa ajili yenu. Nimewaona wagonjwa wengi wakiondoka wodini wameuza mbuzi, bila kufahamu kuwa wangeweza kudai. Kampuni ikikataa bila sababu inayoeleweka, omba jibu kwa maandishi. Unaweza kulipeleka lalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

SASA, DADA YANGU

Umesema gari lenu lina thamani ya shilingi 12,000,000, na mkopo umebaki miaka miwili. Gari hilo likianguka kesho mkiwa na bima ndogo, mtaendelea kukatwa mkopo kila mwezi kwa ajili ya gari ambalo halipo. Kwa hesabu niliyoonyesha hapo juu, tofauti ya bima hizo mbili ni 377,600 kwa mwaka, kama 31,500 kwa mwezi. Kaeni na mumeo mezani, si kwa ugomvi, mkaitazame hesabu hiyo pamoja. Shauri langu ni bima kubwa mpaka mkopo uishe. Baada ya hapo, gari likiwa limezeeka na ninyi mna akiba, rudini kwenye wazo la mumeo, kwani si baya. Na ada ikiwa nzito kuitoa kwa mara moja, anzeni kuweka fedha hiyo kila mwezi tangu leo, maana bima haianzi kufanya kazi mpaka ilipwe. Ila kwa yule kijana wa jirani, msikanyage.

Kijana wetu wa bodaboda alipona. Anachechemea kidogo. Tukikutana sokoni hunisalimia, “Shikamoo mama,” nami huitikia na kumuuliza hali ya mtoto, ambaye sasa yuko sekondari. Kila akigeuka kwenda zake mimi huutazama ule mguu.

Basi akina mama, kabla hamjalifunga gazeti hili, mmoja wenu atoke nje akaitazame tarehe ya bima ya gari lenu. Kwaherini mpaka mwezi ujao.