Mbaazi: Mlaji wa Buguruni asisahaulike

MBAAZI ukikosa maua husingizia jua, walisema wahenga. Mwaka 2017 wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara hawakuwa na jua la kusingizia. Mavuno yalikuwepo, mnunuzi ndiye aliyekosekana.

Agosti mwaka huo India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote ziingiazo nchini humo, baada ya wakulima wake kuvuna kwa wingi. Bei ikaporomoka. Msumbiji ilikuwa na nafuu, kwani ilishawekeana makubaliano ya ununuzi na India mwaka 2016. Malawi ikapata yake mwaka 2021, tani 50,000 kwa mwaka. India ililegeza masharti Mei 2021, ila kwa ruhusa yenye tarehe ya mwisho, ambayo imekuwa ikiongezwa. Mkulima hawezi kupanga msimu kwa kutegemea tangazo la Delhi.

Kwa nini basi jiji lenye mamilioni ya watu halikuzila mbaazi zile? Jibu liko sokoni Buguruni, Dar es Salaam, ambako asubuhi mbaazi za nazi huliwa kwa maandazi au chapati. Mlo huo unapendwa sana. Tatizo ni jikoni: mbaazi kavu hata zikilowekwa usiku kucha huchukua muda mrefu kuiva, na mama lishe hulipia mkaa wa muda wote huo. Maharage yakiiva mapema, atanunua maharage.

Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, yaani dali, huiva haraka zaidi. Lakini nyingi huondoka nchini zikiwa nzima, zikakobolewe huko huko India.

Shambani zao hili halina makuu. Mzizi wake huenda chini sana, hivyo huvumilia ukame, na hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Hupandwa pamoja na mahindi, yakishavunwa lenyewe huendelea. Mti wake waweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Ukikatwa baada ya mavuno huchipua tena, ingawa mavuno hupungua na ugonjwa wa mnyauko hujijenga udongoni. Mbegu ya Mali huvumilia mnyauko. Komboa hukomaa mapema, na inafaa kwa walio karibu na jiji, Kisarawe na Mkuranga, wanaoweza kuuza mbichi. Mbichi haihitaji mkaa mwingi. Adui mwingine ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mahindi kuvunwa.

Siku hizi mbaazi huuzwa kwa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima anaiona bei waziwazi, jambo jema. Hata hivyo mnada hauongezi walaji. Kinu cha kukoboa kitakachopeleka dali Buguruni kwa bei ambayo mama lishe ataimudu kitawaongeza, na mwenye kinu atahitaji mtaji wa kununua msimu wa mavuno, mbaazi zinapojaa maghalani.