Lipu ya Mkono Mmoja

Juma lililopita tulialikwa kuitazama nyumba ya urithi huko Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wake unaoelekea baharini umebanduka lipu mapande mapande, na warithi wanataka kuutengeneza kabla ya masika. Mmoja wao, aishiye Uingereza, ametuma fedha pamoja na ushauri: ukuta upigwe lipu ya mkono mmoja, kama walivyoipiga nyumba yake kule.

Ushauri huo si wa kipuuzi. Huko Ulaya ipo lipu ya mifuko iliyochanganywa kiwandani, saruji, mchanga na rangi humo humo. Fundi huongeza maji, huipiga kwa unene wa kama milimita 15, huukwangua uso wake, na ukuta hauhitaji kupakwa rangi tena. Nasi mwenye nyumba mpya ya matofali ya saruji hatumkatazi mkono mmoja, mradi ukuta uloweshwe kwanza, lipu isiwe nene mno, na imwagiliwe maji juma zima.

Lakini nyumba hii haina tofali hata moja. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya ardhini, ya mvua na ya upepo wa chumvi. Chokaa huyaacha yatoke; saruji huyafungia ndani. Yakifungiwa, udongo hulegea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Lipu iliyobanduka tuliyoiona ni ya saruji, ya miaka michache tu. Juu ya mlango wa nyuma, palipobaki chokaa ya wazee, bado pameshika.

Kazi ya chokaa haitaki pupa. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji, kisha hulazwa shimoni kwa majuma, na ikilala miezi ni bora zaidi. Ukuta hukwanguliwa saruji yote, husafishwa na kuloweshwa; mashimo huzibwa kwa vijiwe; hupigwa mkono wa kwanza mwembamba, na ukishakaza ndipo hufuata wa pili. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa, wala si kwa kuchomwa na jua, hivyo hufunikwa magunia mabichi. Fundi akiwaambia atamaliza kwa siku mbili, mpeni chai, mumshukuru, mkatafute mwingine.

Gharama ya ufundi huzidi, hatuwafichi, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa makali. Vijana walikuwa wakipiga hesabu kwenye simu na ndugu yao wa ng'ambo. Shangazi yao, naye mrithi, na ndiye pekee akaaye humo, hakuwa ameulizwa neno.

"Wanangu," akasema, "anayelala chini ya boriti hizo ni mimi."

Simu ikanyamaza kidogo.

Wamekubaliana kwanza kuziba mfereji wa paa unaomwaga maji ukutani, kisha kuomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Shimo la chokaa litachimbwa uani mwezi huu. Lipu itasubiri masika yapite.