Mabati ya Mheshimiwa ni ya Nani?



Katika parokia zetu za Kasongo na Kabambare tumezoea jambo hili: shule inakaa miaka bila paa, watoto wanarudishwa nyumbani kila mvua inapotanda, kisha uchaguzi unapokaribia gari linafika na mabati. Ngoma zinapigwa, hotuba inatolewa, na jina la mheshimiwa linaandikwa ukutani kwa rangi. Nasi tunashukuru, kwa maana mwenye kunyeshewa haulizi mwavuli umenunuliwa na nani. Lakini kuna swali ambalo adabu yetu imetuzuia kuliuliza: fedha za mabati yale zimetoka wapi? Kama ni za mfuko wake mwenyewe, ni zawadi, na shukrani ni halali. Kama zimetoka katika hazina ya taifa, basi tumeipigia ngoma mali yetu wenyewe.

Desturi ya mbunge kuingiza ndani ya sheria ya bajeti fungu la fedha kwa ajili ya mahali pake si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 2005, Bunge lilitenga zaidi ya dola milioni 220 kwa daraja la kwenda kisiwa cha Gravina, katika Alaska, ambako waliishi watu wapatao hamsini. Wananchi walipopiga kelele, sharti la kujenga daraja lilifutwa, ila fedha zenyewe zikabaki Alaska. Daraja halikujengwa kamwe. Mwaka 2011 Bunge hilo likayapiga marufuku mafungu ya namna hiyo, na baada ya miaka kumi, mwaka 2021, likayarudisha kwa masharti.

Masharti hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Katika mwaka ule wa kwanza, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hakuruhusiwa kuleta maombi zaidi ya kumi. Kila ombi lilitangazwa hadharani pamoja na jina lake, kiasi cha fedha na mahali pa mradi. Alilazimika kutia sahihi kwamba yeye na jamaa yake wa karibu hawana faida ya fedha katika mradi huo. Kampuni za kutafuta faida hazikuruhusiwa kupewa, na jumla ya mafungu yote haikuweza kupita asilimia 1 ya matumizi ambayo Bunge huyapigia kura kila mwaka. Tunaona hekima hapa. Marufuku peke yake haikuyaondoa maombi ya wabunge. Yaliendelea kupitia barua na simu kwa wakuu wa serikali, mahali ambapo mwananchi hana jicho.

Karibu zaidi nasi, Kenya ilichukua njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2003, angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iligawiwa majimbo ya uchaguzi, na wabunge wakawa na mkono mkubwa katika kuzitumia fedha hizo. Madarasa yalijengwa na wanafunzi walilipiwa karo, hatuwezi kukana. Hata hivyo, tarehe 8 Agosti 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba. Mbunge hupitisha bajeti, na mbunge huisimamia serikali katika kuitumia. Akiwa yeye mwenyewe ndiye mtumiaji, nani atamsimamia? Mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu iliipinga vilevile sheria ya 2015 iliyoshika nafasi ya ile, na rufaa zikafuata.

(Mitume nao walipoletewa manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa chakula hawakuushika ugawaji mikononi mwao. Walitaka wachaguliwe watu saba kwa kazi hiyo.)

Na kwetu Kongo? Katiba ya 2006 inakataa pendekezo la mbunge au la seneta linaloongeza matumizi ya serikali, isipokuwa ameonyesha mapato au akiba ya kulifidia. Ni kanuni nzuri, tena kali. Lakini kanuni hiyo inalinda jumla ya hesabu. Haimwonyeshi mtu wa Lusangi ni nani aliyeomba barabara ya nani, wala kwa nini teritwari moja imetajwa na nyingine ikasahauliwa. Tena, fungu kuandikwa katika bajeti ni jambo moja, na fedha kutoka Kinshasa ni jambo lingine. Hapo kati ndipo mwenye rafiki katika wizara humtangulia asiye naye.

Kwa hiyo hatuungani na wanaosema mbunge anyamaze kabisa. Vijiji vyetu viko mbali, na barabara ya Kabambare wakati wa masika mnaijua. Nani atatusemea huko? Aombe, ndiyo, tena kwa sauti. Ila aombe hadharani, kwa maandishi yenye jina lake, asiushike mfuko, na asije baadaye kudai kura kwa kitu alichokiomba kwa niaba yetu.

Linganisheni na mpango wa maendeleo wa teritwari 145, uliokusudia shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila teritwari ya nchi. Uwe umetekelezwa vema au vibaya, kijana wa Kasongo anaweza kuuliza shule yetu iko wapi bila kuwa mfuasi wa mtu yeyote. Swali lake ni la mwenye haki, si la mwombaji.

Kikao cha bajeti hufunguliwa tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 15 Desemba, kisha wabunge hurudi makwao. Tunapendekeza kila kundi la vijana lichague wawili wenye kuandika vizuri, wampelekee mheshimiwa barua ya heshima yenye maswali matatu: uliomba nini kwa ajili yetu katika bajeti hii, kwa kiasi gani, na ni nani atakayelipwa kukifanya? Majibu yake, au ukimya wake, yasomwe kwenye mkutano wa vijana kabla ya mtu yeyote kutafuta rangi ya kuandikia ukutani.